Parafujo yenye mapengo: historia fupi ya kukamua bila kusimama

Ukipita Singida au Dodoma msimu wa alizeti, ni vigumu kuikosa mashine ya kukamulia. Mbegu zinamiminwa juu, mafuta yanachuruzika katikati kupitia nafasi nyembamba za chuma, na mwishoni yanatoka mashudu, vipande bapa vilivyokauka. Kinachovutia ni kwamba haisimami. Hakuna anayefungua, kumwaga, kujaza upya na kufunga tena. Mbegu zinaendelea kuingia huku, mafuta na mashudu vinaendelea kutoka kule, kila kimoja kwa mlango wake.

Ukiifungua utakuta kitu kimoja tu kinachozunguka: shafti yenye hesi, yaani parafujo kubwa iliyolazwa.

Sasa hapa ndipo swali linapoanza. Parafujo ni kitu cha zamani mno. Watu wa Bahari ya Kati walikuwa wanakamulia zabibu na zeituni kwa parafujo karibu miaka 2,000 iliyopita. Parafujo ya kupandisha maji ni ya zamani zaidi ya hapo. Lakini mashine ya aina unayoiona Singida inatokana na hataza iliyotolewa Marekani mwaka 1900. Kwa nini ilichelewa hivyo?

Jibu linalokuja haraka ni kwamba hapakuwa na injini ya kuizungusha. Jibu hilo halitoshi, maana injini za mvuke zilishafanya kazi viwandani zaidi ya miaka 100 kabla ya hapo. Nguvu ilikuwapo. Kilichokosekana ni kuelewa kwamba kukamua si kubana tu. Kukamua ni kumpa mgeni njia ya kutoka huku unamsukuma mwenyeji aende mbele.

Tuelewe kwanza kinachotokea ndani

Fikiria kifumbu, ule mfuko wa kusukwa wa kukamulia nazi. Unaweka machicha, unaongeza maji ya uvuguvugu, unakaza. Tui linatoka kwa wingi mwanzoni, halafu linapungua, halafu linakuwa matone. Ukikaza zaidi unachoka wewe, tui haliongezeki sana. Mpishi mzoefu hashindani nalo. Analegeza, anavuruga machicha, anaongeza maji kidogo, anakaza tena. Tui linatoka upya.

Kwa nini kulegeza na kuvuruga kunasaidia wakati nguvu za ziada zimeshindwa?

Sehemu kubwa ya maelezo ilitoka kwa mhandisi Mfaransa, Henry Darcy, aliyejenga mfumo wa maji wa mji wa Dijon. Mwaka 1856 alichapisha matokeo ya majaribio yake ya kupitisha maji kwenye nguzo ya mchanga. Aligundua kwamba kasi ya maji inaongezeka kadiri tofauti ya mgandamizo kati ya upande mmoja na mwingine inavyoongezeka, na inapungua kadiri tabaka la mchanga linavyokuwa nene. Leo tunaongeza mambo mawili: mnato wa kimiminika (asali inapita polepole kuliko maji) na uwazi wa vijia vilivyomo katikati ya chembe.

Sasa mchanga wa Darcy haukubonyea. Machicha yanabonyea. Ukiyakaza, unaongeza mgandamizo, vizuri, lakini hapo hapo unaviziba vijia ambavyo tui lilipaswa kupita. Tabaka lililo karibu na ukuta wa kifumbu ndilo linaloziba mapema zaidi, na likishaziba linakuwa kama kifuniko. Ndani bado kuna tui, nje hakuna kinachotoka. Mpishi anapovuruga, anakivunja kile kifuniko na kufungua vijia vipya.

Shika mambo matatu hapo, maana tutayahitaji: kaza taratibu, tabaka liwe jembamba, na vuruga katikati ya safari.

Parafujo ya kwanza: ya kubana

Warumi walianza na gogo refu. Cato, katika kitabu chake cha kilimo cha karne ya 2 KK, anaeleza jinsi ya kujenga jengo la kukamulia zeituni: gogo moja kubwa limeshikwa upande mmoja ukutani, upande mwingine unavutwa chini kwa kamba na roda, na zeituni zilizopondwa zimewekwa chini ya gogo. Ni wenzo, kama unavyong'oa msumari kwa nyundo, isipokuwa wenzo huu ulihitaji jumba zima.

Karibu mwaka 77 BK, Pliny Mkubwa anatoa taarifa nyingine. Anasema mashine za parafujo za mtindo wa Kigiriki zilikuwa zimeingia ndani ya miaka 100 kabla yake, na kwamba ndani ya miaka 22 tu palibuniwa mashine ndogo zaidi, ambapo parafujo inasimama katikati na kukandamiza moja kwa moja juu ya mzigo. Gogo refu likawa halihitajiki tena. Heron wa Aleksandria, wa karne hiyo hiyo, aliandika jinsi ya kutengeneza mashine hizi, pamoja na kifaa cha kuchonga hesi ndani ya tundu la mbao. Hesi ya nje ni rahisi kuichonga, hesi ya ndani ndiyo mtihani. Kitabu chake hicho kimetufikia kwa sababu kilitafsiriwa kwa Kiarabu na Qusta ibn Luqa katika karne ya 9.

Neno letu lenyewe limebeba kipande cha safari hiyo ya parafujo kuzunguka dunia: linatokana na Kireno, parafuso.

Lakini angalia parafujo hii inafanya nini. Haigusi zabibu. Inashusha ubao, na ubao ndio unaokandamiza. Ukimaliza, unaizungusha kinyumenyume, unainua ubao, unatoa makapi, unajaza tena. Ni kazi ya mafungu. Gutenberg alipotengeneza mashine yake ya kuchapia huko Mainz katikati ya karne ya 15, alifuata mfano wa mashine za aina hii hii. Kwa kuchapa, kusimama kati ya karatasi moja na nyingine si tatizo. Kwa tani za mbegu, ni tatizo.

Parafujo ya pili: ya kusukuma

Kulikuwa na parafujo nyingine iliyoishi maisha tofauti kabisa. Ni ile inayohusishwa na Archimedes wa karne ya 3 KK: hesi ndani ya bomba lililoinamishwa. Unaizungusha, maji yanapanda. Ilitumika kumwagilia mashamba kando ya Mto Nile.

Mwishoni mwa miaka ya 1700, Mmarekani Oliver Evans alichukua wazo hilo na kulilaza. Katika kinu chake cha unga kilichojiendesha chenyewe, parafujo ndefu zilisafirisha nafaka na unga kutoka sehemu moja hadi nyingine bila mtu kubeba gunia. Kitabu chake kwa mafundi wa vinu kilitoka mwaka 1795.

Mwaka huo huo wa 1795, ng'ambo ya bahari, Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa nguvu ya maji jijini London. Ndiyo babu wa jeki ya haidroliki inayoinua lori gereji. Kwa upande wa nguvu, hii ilikuwa hatua kubwa sana: mtu mmoja akipampu mkono anaweza kuzalisha mgandamizo ambao gogo la Cato lisingeufikia.

Kwa hiyo tayari una kila kitu mezani. Parafujo inayosafirisha bila kusimama, ipo. Nguvu ya kutosha, ipo. Viwanda vya mafuta vikachagua nguvu ya Bramah, na vikaendelea kukamua kwa mafungu kwa zaidi ya karne moja.

Kazi ya vitambaa

Tujue kwanza kazi hiyo ilivyokuwa. Katika viwanda vya mafuta ya pamba vya Marekani, mbegu zilipondwa, zikapikwa kwa mvuke, kisha zikafungwa moto moto kwenye vitambaa vizito. Vifurushi vikapangwa kimoja juu ya kingine katikati ya sahani za chuma, jeki ikapanda, mafuta yakatoka pembeni. Halafu jeki inashuka, vifurushi vinatolewa, vitambaa vinabanduliwa kutoka kwenye makapi yaliyogandamana kama ubao, na mzunguko unaanza upya.

Vitambaa vyenyewe vilipaswa kustahimili joto na mkandamizo ambao ungerarua pamba ya kawaida. Vilifumwa kwa manyoya ya ngamia, na mwanzoni mwa karne ya 20 pia kwa nywele za binadamu, nyingi zikitoka China. Vilichakaa, vikanunuliwa vingine. Yaani gharama ya kutenganisha mafuta na makapi haikuwa kwenye kubana. Ilikuwa kwenye vitambaa na mikono ya watu wanaofunga na kufungua kutwa nzima.

Kwenye pwani yetu, ngamia alihusika kwa namna nyingine. Zanzibar na Lamu, ngamia aliyefungwa macho alizunguka kinu kikubwa cha mbao, akiburuta mti unaoukandamiza mchi uliolala upande ndani ya kinu, na ufuta ukatoa mafuta. Vinu vya jinsi hii India huitwa ghani. Vinastahili heshima ya kifizikia: mchi unakandamiza na kuvuruga kwa wakati mmoja, kama mpishi wetu wa kifumbu. Lakini navyo ni vya mafungu. Ufuta ukishakauka, ngamia anasimama.

Tatizo la nati

Basi kwa nini usichukue parafujo ya Evans, uiweke ndani ya bomba lenye matundu, uzibe mdomo wa kutokea kiasi, ukamue bila kusimama?

Watu walijaribu. Katika karne ya 19 palikuwa na mashine za kukamua zenye hesi ndefu isiyokatika, na kwa vitu vyenye nyuzinyuzi zilifanya kazi. Kwa mbegu zilizopikwa, laini na zenye kuteleza, mambo yalikuwa magumu. Kujua sababu, chukua bolti na nati. Zungusha bolti huku umeishika nati kwa spana: nati inasogea. Sasa iachie nati: inazunguka pamoja na bolti, pale pale, haiendi popote.

Mbegu ndani ya bomba ndiyo nati. Ikipata kitu cha kushikilia ukutani, hesi inaisukuma mbele. Ikiwa inateleza, na mbegu yenye mafuta inateleza kweli kweli, inajishikiza kwenye shafti na kuzunguka nayo. Injini inaguruma, mkandamizo hauongezeki, mafuta hayatoki. Kuongeza nguvu hakusaidii, kwa sababu unaongeza nguvu ya kuzungusha nati isiyoshikwa.

Valerius D. Anderson wa Cleveland, jimbo la Ohio, alilitatua hili kwa namna ambayo ukiisikia mara ya kwanza unaona kama anaharibu mashine. Aliikata hesi. Badala ya utepe mmoja unaoendelea tangu mwanzo hadi mwisho, aliacha mapengo: kipande cha hesi, pengo, kipande kingine, pengo. Hataza yake ni ya mwaka 1900, na mashine akaiita Expeller, jina ambalo leo watu wengi wanalitumia kwa mashine yoyote ya kukamua mafuta ya jamii hiyo.

Mapengo yanafanya nini? Mbegu ikifika kwenye pengo hakuna hesi ya kuisukuma, kwa hiyo inasubiri. Inajikusanya hadi iliyo nyuma inapoisukuma, ndipo kipande kinachofuata kinaidaka. Pale inaposubiri, inashikamana na kujenga ukinzani. Na kwa kuwa pana nafasi, unaweza kuchomeka meno ya chuma kutoka ukutani hadi ndani ya pengo, bila kugongana na hesi. Meno hayo ndiyo spana: yanazuia mzigo kuzunguka. Tena yanauvuruga, yanavunja tabaka lililoziba na kufungua vijia upya.

Ongeza mambo mengine mawili. Shafti inanenepa, au hesi zinakaribiana, kadiri unavyoelekea mwisho, kwa hiyo nafasi inapungua na mkandamizo unapanda taratibu. Na bomba lenyewe limejengwa kwa pau za chuma zilizopangwa karibu karibu, mafuta yapite katikati yake na makapi yabaki ndani. Kitambaa hakihitajiki tena. Mwishoni kuna koni inayobana mdomo wa kutokea, na mashudu yenyewe yakijibana pale yanakuwa kizibo kinachoshikilia mkandamizo wote wa ndani.

Ukihesabu, utaona yale mambo matatu ya kifumbu yote yamo: kukaza taratibu, tabaka jembamba kati ya shafti na ukuta, na kuvuruga njiani.

Kutoka mafuta hadi majitaka

Wazo likishaeleweka, halibaki kwenye mafuta. Miaka ya 1930 huko Florida, viwanda vya juisi vilikuwa na milima ya maganda ya machungwa. Maganda yana maji mengi, lakini yanateleza na hayaachii maji, kwa sababu pektini inayashikilia. Suluhisho likawa kuchanganya maganda yaliyokatwakatwa na chokaa kidogo. Chokaa inaivuruga pektini, maji yanakuwa huru, na mashine ya parafujo inayatoa. Makapi yakakaushwa kuwa chakula cha ng'ombe. Angalia funzo: walifungua njia ya kutokea kwanza, ndipo wakakandamiza.

Leo mashine za jamii hii zinakamua massa ya karatasi, samadi ya ng'ombe na tope la majitaka ya miji. Kwenye tope, hesabu yake inashangaza. Chukua kilo 1,000 za tope lenye asilimia 2 ya vitu vigumu. Vitu vigumu ni kilo 20 tu, vilivyobaki ni maji. Ukilikamua hadi vitu vigumu viwe asilimia 20, zile kilo 20 sasa zimo kwenye mzigo wa kilo 100. Umeondoa kilo 900 ambazo lori lingezibeba bure. Hapa pia kuna kufungua njia: kabla ya kukamua wanaweka polima, chembe ndogo zinashikana kuwa mabonge, na maji yanapata nafasi katikati ya mabonge.

Nani anabaki na mafuta?

Rudi sasa Tanzania, maana historia hii ina upande unaogusa mfuko wa mtu.

Katikati ya miaka ya 1980, mradi wa alizeti vijijini mkoani Arusha ulihitaji kifaa ambacho mkulima angekitumia bila umeme. Mhandisi Carl Bielenberg akabuni mashine ya mkono isiyo na parafujo kabisa: unavuta mpini mrefu, bastola nyembamba inasukuma mbegu chache ndani ya bomba lenye nafasi, na mdomo wa kutokea umebanwa kwa koni. Bastola ni nyembamba, kwa hiyo nguvu ya mkono inatosha kuzalisha mkandamizo mkubwa. Ilifaa zaidi kwa mbegu zenye ganda laini, kama aina ya Record. Miaka ya 1990 mashine za ukoo huo zilisambazwa Kenya pia, kwa jina la Mafuta Mali.

Ilikuwa kazi ya jasho, lakini ilikuwa na maana yake: mafuta na mashudu vyote vilibaki kwa mkulima. Umeme na injini za dizeli viliposogea karibu, mashine za parafujo zilichukua nafasi, nyingi zikiagizwa China na India. Mkulima sasa anapeleka mbegu mashineni. Na hapo linakuja swali ambalo ningependa kila mkulima alijue: mashudu yanaondoka na mafuta kiasi gani?

Tupige hesabu ya mfano. Chukua kilo 100 za mbegu zenye asilimia 40 ya mafuta. Kilo 40 ni mafuta, 60 ni vinginevyo. Mashine ikiwa imechakaa au haikurekebishwa, na mashudu yakatoka na asilimia 15 ya mafuta, basi mashudu yana uzito wa kilo 70.6, ndani yake mna mafuta kilo 10.6, na wewe umepata kilo 29.4. Mashine hiyo hiyo ikirekebishwa hadi asilimia 8, mashudu ni kilo 65.2, mafuta yaliyobaki humo ni kilo 5.2, nawe umepata kilo 34.8. Tofauti ni kilo 5.4, karibu lita 6, kwa kila kilo 100. Kama umeacha mashudu kwa mwenye mashine kama sehemu ya malipo, jambo la kawaida sana, umemwachia na hizo lita 6.

Basi kaza koni tu? Hapana, historia yote hii imetufundisha tahadhari. Ukikaza sana, msuguano unapandisha joto, mafuta yanakuwa meusi na kupata harufu ya kuungua, mota inalemewa na hesi zinaliwa haraka. Mara nyingi faida iko kwingine: mbegu zilizokauka vizuri lakini si kupita kiasi, zilizopashwa joto ili mnato wa mafuta upungue, zisizo na mchanga, na hesi ambazo bado hazijaliwa. Viwanda vikubwa vinavyotaka hata tone la mwisho haviongezi mkandamizo. Vinakamua kwanza kwa parafujo, halafu vinaosha mashudu kwa heksani, na mafuta yanayobaki yanashuka chini ya asilimia 1.

Nchi inayoagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula kutoka nje haina sababu ya kulisha ng'ombe lita 6 katika kila kilo 100 bila kukusudia. Kwa hiyo siku ukifika mashineni, usiangalie tu bomba la mafuta. Nenda upande wa pili, chukua kipande cha mashudu kingali cha moto, kibonyeze kwenye karatasi, uone kinaacha doa kubwa kiasi gani. Halafu muulize fundi hesi zilibadilishwa lini. Akishangaa kuulizwa, una jambo la kumsimulia.